KIJIKO KILICHO CHINI YA MWIKO
Mazungumzo juu ya vijiko vya pembe vya Watetum wa kisiwa cha Timor

 Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, nacho ni kijiko. Pengine wengine watacheka na kusema, "Je, kijiko nacho ni habari?" Twawaomba wasubiri kidogo.

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno mwiko lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kile kijiko kikubwa cha mti ambacho mama husongea ugali jikoni. Maana ya pili ni jambo lililokatazwa na wazee, ambalo mtu akilifanya huogopa kupatwa na madhara. Hatusemi kwamba maana hizo mbili zimetoka katika shina moja. Twasema tu kwamba zimekutana katika neno moja. Nasi twajua watu wa mbali ambao kwao maana hizo mbili zimekutana katika kitu chenyewe. Watu hao wanacho kijiko kilicho chini ya mwiko. Hakilii chakula cha kila siku, wala hakiachwi ovyo jikoni, bali huwekwa pamoja na vitu vya heshima na kutolewa siku za shughuli kubwa. Watu hao ni Watetum, nao hukaa katika kisiwa cha Timor.

NCHI YAO

Mtu akitoka pwani ya Afrika ya Mashariki akavuka bahari yote ya Hindi, akapita visiwa vya Sumatra na Java, na kuendelea mashariki, mwisho atafika Timor. Kisiwa hiki ni kirefu na chembamba. Urefu wake hupata karibu maili 300, na upande wake wa kusini, ng'ambo ya bahari, ni bara la Australia. Katikati yake ni milima mirefu. Mvua hunyesha kwa majira, na baada ya mvua huja kiangazi kirefu ambacho majani hukauka yakawa rangi ya simba. Mtu wa Dodoma au wa Kitui akipelekwa huko wakati wa kiangazi hataona ajabu sana.

Watetum hukaa sehemu za kati za kisiwa, na wengine wako mbali zaidi upande wa mashariki. Zamani Wareno na Waholanzi waligawana kisiwa hiki, na mpaka wao ulikatwa kabisa kwa hukumu ya mwaka 1914. Mpaka huo ulipita katikati ya nchi ya Watetum, ukaacha ndugu hawa upande huu na ndugu wale upande wa pili. Hata leo iko hivyo: sehemu ya magharibi ni ya Indonesia, na sehemu ya mashariki ni nchi yenye serikali yake, iitwayo Timor ya Mashariki, ambayo ilipata uhuru wake tarehe 20 Mei, 2002. Katika nchi hiyo Kitetum na Kireno ndizo lugha mbili za serikali.

Msidhani kwamba watu hawa ni wageni kwetu kabisa. Wareno waliofika Kilwa na Mombasa ni wale wale waliofika Timor miaka michache baadaye, wakitafuta mti wa msandali wenye harufu nzuri. Kwa hiyo Mtetum husema meza kama sisi tusemavyo meza, maana sote tulilipokea neno hilo kutoka kwa Mreno. Tena, lugha ya Kitetum ni ya ukoo mmoja na lugha ya Madagaska, kisiwa kilicho jirani yetu. Mtetum akihesabu mbili husema rua, na tatu husema tolu. Mtu wa Madagaska husema roa na telo. Umbali wa bahari yote haukuweza kuufuta udugu huo.

MNYAMA MWENYE PEMBE

Kijiko tunachokisema kimechongwa katika pembe ya nyati. Lakini tusikosee hapa. Nyati wa huko si yule mbogo mkali wa porini kwetu, ambaye mwindaji humwogopa kuliko simba. Huyo wa Timor ni nyati wa kufugwa, ambaye hupenda kulala matopeni, na mtoto mdogo aweza kumchunga na kumpanda mgongoni. Watetum humwita karau. Pembe zake ni nyeusi, ndefu, nazo zimepinda kurudi nyuma kama mwezi mwandamo.

Nyati huyu ana kazi shambani. Mvua zikija, kundi la nyati huingizwa katika konde za mpunga na kuzungushwa huku na huku, mpaka miguu yao ikande udongo na maji, na matope yawe laini tayari kwa kupandwa. Basi nyati ni jembe la watu hao. Lakini zaidi ya hayo, nyati ni mali na heshima. Kijana akioa, ukoo wake hutoa nyati kuwapa jamaa za mke, nao jamaa za mke hurudisha nguo zilizofumwa kwa mkono, ziitwazo tais, pamoja na nguruwe. Mtu mkubwa akifa, nyati huchinjwa katika matanga yake. Nyumba ya ukoo ikijengwa, nyati huchinjwa pia. Nyama huliwa ikaisha, lakini pembe hubaki, na mtu akiona pembe nyingi zimefungwa mahali hujua mara moja kwamba hapo pamefanywa karamu kubwa.

Hata taji ya mkuu wa zamani, iitwayo kaibauk, ni bamba la fedha au shaba lililopindwa kama jozi ya pembe, likavaliwa katika paji la uso. Basi mkuu alipotokea mbele ya watu, alitokea na pembe za nyati kichwani.

Kwa hiyo twaweza kuelewa kwa nini kijiko cha heshima hakichongwi katika mti wowote uliopatikana. Pembe haipatikani bila nyati kufa, na nyati hafi bila sababu kubwa: arusi, matanga, au kujengwa kwa nyumba. Kijiko hicho tangu kuzaliwa kwake kina habari ya siku moja ambayo watu wengi walikutana.

KAZI YA PEMBE

Sasa na tueleze jinsi pembe inavyoweza kuwa kijiko, maana wanafunzi wengi wameona pembe za ng'ombe zikitupwa jaani bila kujua kwamba ni kitu cha kazi.

Pembe ya nyati, kama ya ng'ombe, ina sehemu mbili. Ndani ni mfupa, na nje ni gamba gumu lililoufunika mfupa huo kama ala inavyofunika kisu. Gamba hilo si mfupa. Limefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na nywele zetu na kwato za wanyama. Ukitaka kujua, choma kipande kidogo cha pembe. Utasikia harufu ya nywele zilizoungua.

Pembe mbichi ikichemshwa, au ikiachwa siku nyingi mpaka vilivyo katikati vikaoza, gamba huachana na mfupa na kuvutwa likatoka. Hapo mtu huwa na kitu kilicho wazi upande wa shina na kigumu upande wa ncha. Upande wa shina gamba ni pana, tena si nene, nalo limepinda kwa asili yake. Hapo hufaa kukatwa bakuli la kijiko. Upande wa ncha pembe imejaa, haina uwazi, nayo ina nguvu. Hapo hufaa mpini.

Jambo la ajabu la pembe ni hili: ukiitia moto wa kadiri, hulegea. Fundi huweza kuibana, kuipinda, au kuinyosha kama apendavyo, naye huishika hivyo hivyo mpaka ipoe. Ikiisha kupoa, hubaki na umbo lile jipya. Lakini moto ukizidi, pembe huharibika, huungua na kuwa na nyufa. Kwa hiyo kazi hii yataka mtu mwenye subira. Baadaye huja kisu, kukwangua bakuli mpaka liwe jembamba. Pembe nyeusi ikikwanguliwa vizuri huonyesha mwanga. Uishike mbele ya jua, utaona rangi kama ya asali au ya chai kavu. Mwisho ni kusugua, kusugua tena, mpaka ing'ae.

Kwa sababu hiyo hiyo kijiko cha pembe hakiwezi kazi ya mwiko wetu. Ukikiacha katika chungu kichemkacho kitalegea na kupinda. Kazi yake ni kupakua na kupeleka chakula, si kupika. Kwa mapishi na matumizi ya kila siku Watetum wana vijiko vingine, kama vile vya kifuu cha nazi, ambavyo mtu yeyote wa pwani yetu akiviona atasema, "Mbona hizi ni pawa zetu?"

MPINI WENYE MANENO

Uzuri wa kijiko hiki hauko katika bakuli, uko katika mpini. Bakuli ni jepesi, lina umbo la yai, nalo halina nakshi nyingi, kwa maana mahali pa chakula hutakiwa pawe safi. Lakini mpini huwa mpana kama jani, na fundi huutoboa tundu kwa tundu, akaacha nakshi zinazoshikana kama ushanga au kama matawi ya mtambaazi. Huko mtaona duara zilizojiviringa, na kulabu zinazotazamana, na umbo la mraba lililosimama juu ya pembe yake. Mara nyingine juu kabisa hukaa ndege, au jogoo.

Fikirini ugumu wa kazi hiyo. Mpini si mzito, na kila tundu huupunguzia nguvu. Fundi akikosea tundu la mwisho, kazi yote ya siku nyingi huvunjika. Tena hawezi kuongeza pembe pale alipokata. Aweza kuondoa tu. Basi kabla ya kuanza sharti awe ameona kijiko chote katika mawazo yake, tangu bakuli hata ndege wa juu.

Nakshi hizo zafanana na zile za nguo zinazofumwa na wanawake wa kisiwa hicho, ambazo nazo zina kulabu na miraba. Basi mwanamume akiwa na kisu chake na mwanamke akiwa na nyuzi zake huandika kwa hati moja, ingawa hakuna aliyekwenda shule kujifunza hati hiyo.

NYUMBA YA LULIK

Twafika sasa katika moyo wa habari yetu. Watetum wana neno lulik. Maana yake ni kitu kitakatifu, tena kitu kilichokatazwa. Kitu kilicho lulik hakishikwi na kila mtu, wala kila siku, wala bila maneno yake. Mnaona jinsi neno hili lilivyo karibu na mwiko wetu.

Kila ukoo una nyumba yake iitwayo uma lulik, yaani nyumba takatifu. Nyumba hiyo ina paa kubwa la majani linaloshuka chini sana, hata kwa mbali mtu huona paa kuliko kuta. Ndani yake huwekwa vitu walivyoviacha wazee: panga za kale, shanga, mabamba ya dhahabu au fedha ya kuvaa kifuani, nguo za kufuma, na hata bendera na fimbo za ukuu ambazo Wareno waliwapa wakuu wa zamani. Vitu hivyo si mali ya mtu mmoja. Ni mali ya waliokufa, ya walio hai, na ya wasiozaliwa bado.

Katika mwaka kuna siku ambayo twapenda kuieleza, nayo huitwa sau batar. Batar ni mahindi. Mahindi yakiiva shambani, mtu hana ruhusa kula hata hindi moja jipya, ajapokuwa na njaa, mpaka mwiko wake uondolewe. Jamaa wote wa nyumba hukusanyika penye uma lulik, kila mtu na mahindi yake ya kwanza. Mzee aitwaye lia-nain, maana yake mwenye maneno, husema maneno ya asili, akataja majina ya waliotangulia. Wazee waliokufa hutengewa sehemu yao kwanza, pamoja na tambuu na popoo, kwa kuwa huko, kama pwani yetu, tambuu ni alama ya ukarimu. Wakiisha kupewa wao, ndipo walio hai hula.

Ni katika shughuli za namna hii, na katika karamu za arusi na matanga, ambapo kijiko cha pembe kina mahali pake. Kwa kijiko hicho chakula cha heshima hupelekwa, kwa wazee wasioonekana na kwa wageni wanaoonekana. Kwa nini kitumike kijiko cha namna yake? Sababu ni kwamba mkono ulao kila siku, na kijiko kilicho jikoni kila siku, havitofautishi chakula hiki na kile. Kitu kikitumika kwa kazi moja tu, basi kila kionekanapo hukumbusha kazi hiyo. Watoto wakikiona kijiko cha pembe kimetolewa, hawahitaji kuambiwa wanyamaze.

Tena ipo hekima nyingine katika mwiko ule wa mahindi. Kama kila mtu angevunja hindi lake lilipoiva, mwenye shamba la bondeni angekula mapema, na mwenye shamba la mlimani angemtazama. Lakini kwa kuwa wote husubiriana, hakuna ashibaye peke yake.

MISIBA ILIYOPATA VITU HIVI

Vijiko vingi vya Watetum leo haviko Timor. Viko katika nyumba za makumbusho na mikononi mwa matajiri, huko Ulaya, Marekani na Australia. Vingine vilinunuliwa kwa haki, na vingine vilitoka kwa njia ambazo hazikuandikwa. Mtu akivitazama nyuma ya kioo husoma karatasi ndogo: "Kijiko, pembe ya nyati, Timor." Maneno ni kweli, lakini hayamwambii ni nyumba gani, wala ni nyati wa matanga ya nani, wala ni majina gani yaliyotajwa kilipoinuliwa. Kijiko kimefika, habari yake imebaki njiani.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa wa vita. Mwaka 1975 majeshi ya Indonesia yaliingia Timor ya Mashariki, na nchi ilikaliwa mpaka mwaka 1999. Tume ya nchi hiyo iliyochunguza habari za miaka ile ilikadiri kwamba watu wasiopungua karibu 102,800 walikufa kwa ajili ya mapigano, njaa na magonjwa yaliyotokana nayo. Vijiji vilihamishwa, watu wakakimbilia milimani, na nyumba takatifu nyingi zikateketea kwa moto pamoja na vilivyokuwamo. Tarehe 30 Agosti, 1999, watu walipiga kura, na katika kila watu 100 zaidi ya 78 walitaka uhuru. Baada ya kura hiyo ghasia zikaanza, mji mkuu wa Dili ukachomwa, na nyumba ya makumbusho ikavunjwa na kunyang'anywa. Vitu vingi vikapotea. Vilivyosalimika vilitunzwa, na mwaka 2008 baadhi yake vilipelekwa Darwin, Australia, vikaonyeshwa kwa jina lenye maana ya kwamba vimetoka mikononi mwa wazee wa Timor.

Sasa sikilizeni lililofuata. Watu wale walipopata uhuru, nchi yao ilikuwa maskini. Paa za shule zilikuwa zimeungua na barabara zimeharibika. Mtu angedhani kwamba nyumba za wazee zingengojea. Lakini koo nyingi zilianza mapema kukata miti na majani, zikatafuta nyati wa kuchinja, zikajenga tena uma lulik zao. Na watu hao, walio wengi ni Wakristo wa Katoliki, waendao kanisani Jumapili. Walipoulizwa sababu, jibu lilikuwa rahisi: ukoo usio na nyumba yake hauna mahali pa kukutania, na wasiokutana hawajui tena nani ni ndugu wa nani, nani amwoze nani, na nani amzike nani.

Mahali palipopotea vitu vya kale, vipya vyaweza kufanywa, maana pembe bado zipo na visu bado vipo. Lakini ufundi wa mpini uliotobolewa haukai katika pembe, hukaa katika mikono ya fundi. Na maneno ya lia-nain hukaa katika masikio ya vijana wanaokubali kukaa chini na kumsikiliza. Moto huunguza paa kwa siku moja. Kizazi kisichouliza huunguza zaidi, wala moshi hauonekani.

NENO LA MWISHO

Wasikilizaji wetu, hatukuleta habari hii ili mwanze kuwa na miiko ya Watetum. Kila watu wana yao. Twaileta ili mtakaporudi nyumbani mtazame vitu vilivyowekwa darini au chini ya kitanda cha bibi: kibuyu cha zamani, kigoda, kinu, siniya ya shaba, upawa wenye nakshi. Kabla hamjakitupa, au hamjakiuza kwa mpita njia kwa bei ya chumvi, ulizeni maswali matatu. Nani alikifanya? Kilitolewa siku gani? Maneno gani yalisemwa? Na ninyi wanafunzi, mnaojua kuandika, yaandikeni majibu hayo katika daftari, pamoja na jina la mzee aliyewaambia na mwaka.

Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Watetum waliungulia nyumba zao na kuuawa jamaa zao, na bado walipopata nafasi walianza kwa kujenga mahali pa kuweka kijiko. Basi sisi ambao nyumba zetu hazikuungua, tuna udhuru gani?